Mtoto wa MaMchunu Ana Afya

MaMchunu hakulia. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa mtaa wetu wa Umlazi walilisimulia kwanza kila walipomtaja, na walilisimulia kama sifa. Alimzika Zibuyile, binti yake mdogo, mwezi wa Mei. Akamzika Hlengiwe, yule mkubwa, kabla Krismasi haijafika. Katika misiba yote miwili aliketi kwenye godoro chini, kama mfiwa anavyotakiwa kuketi, blanketi begani, macho makavu, akiwajibu waliokuja kumpa pole: "Asante. Karibuni. Chai iko jikoni." Watu wakasema Mungu amempa nguvu. Mimi niliyekuwa nikipakua chakula kwake niliona kitu kingine. Nilimpelekea sahani ya wali, akala yote. Nikasahau, nikampelekea ya pili, akala yote pia, bila kuuliza. Ningempelekea ya tatu angekula. Zile hazikuwa nguvu. Mwili ulikuwa umekaa pale peke yake, mwenyewe hayupo.

Mimi ni jirani yake, seng'enge tu ndiyo inatutenganisha. Naitwa MaZondi, nasuka nywele barazani kwangu, na kwa hiyo habari za mtaa zinanifikia hata siku nisizozitaka. Nina mdomo, sikatai. Lakini haya ninayoyasema sikuyasikia barazani, niliyaona.

Miaka ile ugonjwa wenyewe haukutajwa. Mtu aliinua vidole vitatu, kwa sababu jina lake lilikuwa herufi tatu, basi mmeelewana. Na mara nyingi hata vidole havikuhitajika. Mtu akikonda, amekwisha. Ukikutana naye dukani unaangalia mfupa wa shingo na vifundo vya mikono, halafu unaongea habari za mvua. Dawa zilipokuja, waliowahi kuzimeza walirudisha mashavu, tukawashangilia barabarani: "Hawu! Umenenepa, dada!" Na dada alijishika kiuno akazunguka tumuone vizuri. Mpaka leo huku kwetu ukimwambia mtu amenenepa anakushukuru. Ukimwambia amekonda, umemtukana yeye na ukoo wake.

Mabinti wa MaMchunu hawakuwahi dawa. Hlengiwe aliacha mtoto wa kunyonya, Nokwanda. Kliniki ilimpima mtoto, ikampima tena baada ya muda, wakamwambia MaMchunu kwamba hana kitu, ni mzima kabisa. Aliitikia kwa kichwa, akamfunga mgongoni, akarudi naye nyumbani na kuanza kumlisha.

Jina la Nokwanda maana yake ni kuongezeka, na bibi yake alilichukua kama maagizo ya kazi. Asubuhi uji wenye siagi na sukari mpaka kijiko kinasimama. Shuleni maandazi ya moto kutoka kwa mama wa getini. Akirudi, robo ya mkate iliyokombwa ndani ikajazwa chipsi, soseji na achari, chakula ambacho fundi wa bomba hugawana na mwenzake. Soda ilikaa mezani mahali ambapo kwa watu wengine hukaa maji. Jumapili, zile rangi saba za sahani yetu, kuku, wali, maboga, viazi vya mayonezi na vinginevyo, Nokwanda alizipata mara mbili. Na mkono wa MaMchunu haukuwa na haraka wala furaha. Ulipakua tu. Mtoto akisema basi, mkono unaongeza kijiko, bibi anaangalia dirishani.

Usidhani ni ujinga wa mtu mmoja. Chakula kinachonenepesha ndicho chakula cha bei ya watu kama sisi, kiko kila kona na kinashibisha haraka. Uwanja ambao sisi tulirukia kamba umejengwa vibanda. Barabarani kuna magari, na mwaka juzi kulikuwa na risasi. MaMchunu alifunga geti kwa kufuli, akamweka Nokwanda mbele ya televisheni na pakiti ya chipsi za chumvi, akajua alipo. Nani angemlaumu? Mtoto aliye hai ndani ni bora kuliko mtoto mwembamba aliye nje, ndivyo alivyohesabu, na mtaa mzima ulimwambia amehesabu vizuri.

"MaMchunu, mtoto ana afya!"

"Ana afya kweli. Mashavu hayo!"

Kila mtu aliyepita getini alisema hivyo, nami nilisema. Lilikuwa jambo pekee ambalo bado lilimwingia masikioni. Ukimsalimia alijibu salamu kama mtu anayesoma tangazo. Ukimsifu Nokwanda unene, kichwa kiligeuka. Maana "ana afya" kwa MaMchunu haikuwa sifa tu. Ilikuwa na maana moja: katika nyumba hii hakuna anayekufa sasa.

Nokwanda mwenyewe alikuwa mtoto mcheshi, mwenye maneno ya mtu mzima. Darasani walimwita Friji. Aliniambia hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda changu nikimsuka.

"Na wewe unawajibuje?"

"Nawaambia friji ina chakula ndani, nyie makabati matupu."

Nilicheka mpaka nikakosea mstari. Yeye hakucheka. Baada ya muda alisema, "MaZondi, mbona mimi nasinzia kila siku? Nalala usiku kucha, lakini nikifika shule nasinzia." Nilijua sababu, maana kukoroma kwake nilikusikia kwangu kupitia seng'enge, kukoroma kwa mzee wa bia, halafu kunakatika kabisa, kimya, halafu kunaanza tena kwa kishindo. Magoti yalimuuma. Kilima cha kwenda shule, ambacho wenzake walikipanda wakipigana mabegi, yeye alikipanda kwa vituo.

Halafu shingo. Nyuma ya shingo ya Nokwanda na kwenye makwapa kulitokea weusi mzito, ngozi imekuwa nene, ina mikunjo. Wenzake wakasema haogi. MaMchunu, ambaye nyumba yake unaweza kula sakafuni, aliisikia habari hiyo. Akachukua jiwe la kusugulia miguu na sabuni ya kufulia, akamketisha mtoto uani, akasugua. Akasugua kesho yake. Mtoto alilia, bibi akasugua huku akiangalia mbali, mpaka siku niliyoona ukosi wa shati la shule una damu.

Niliruka seng'enge. Umri wangu si wa kuruka seng'enge, na sketi ilibaki pale.

"Mama, unafanya nini? Unamchuna?"

"Taka haitoki," akasema.

"Basi si taka! Taka gani inakataa jiwe? Vaa viatu twende kliniki."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa Sista Nxumalo, mwanamke wa makamo, mwenye foleni ndefu nyuma yetu na sauti iliyokwisha kwa kusema mambo yale yale. Alimpaka mtoto dawa kwenye mchubuko, akauliza maswali, akampima uzito, kimo na presha, akatoa damu. Akatuambia turudi asubuhi nyingine mtoto akiwa hajala. Tukarudi. Hiyo pekee ilikuwa vita, kumfanya MaMchunu amwache mtoto na njaa mpaka saa nne.

"Huo weusi hausuguliki, mama," Sista alisema. "Unatoka ndani. Mwili unahangaika kuishusha sukari, na unaposhindwa ngozi inaonyesha. Sukari yake imepanda. Haijawa kisukari, ila iko mlangoni. Presha nayo si ya mtoto. Kukoroma huko ni pumzi inazibwa na mafuta ya shingoni, ndiyo maana anasinzia darasani. Ukiachia hivi, atakapokuwa msichana tutakuwa tunaongea habari za figo na macho."

MaMchunu alikuwa akitazama ukuta.

"Kwa hiyo," Sista akasema, "lazima apungue. Lazima akonde kidogo."

MaMchunu akasimama, akamshika Nokwanda mkono, akatoka. Hakukasirika, hakubamiza mlango. Alitoka tu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa dirisha jingine. Nilimkuta getini akimnunulia mtoto andazi.

Nilimsema njia nzima. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nilimwambia sukari ilimkata mguu mjomba wangu, nilisema na mengine ambayo hayakuhusika. Tulipofika kwake akafungua kufuli, akageuka.

"MaZondi, umewahi kumbeba mtu mzima kumpeleka chooni kwa mkono mmoja?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimebeba wawili. Hlengiwe mwishoni nilimbeba kwa mkono huu, mkono huu mwingine nimeshika taa." Aliionyesha mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. "Sasa yule Sista ananiambia nimkondeshe huyu. Nimkondeshe mwenyewe."

Hakulia hata hapo. Mimi ndiye niliyelia, nikaenda kwangu nimenyamaza, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Nilirudi kliniki peke yangu. Nilipanga foleni na wagonjwa, nikamweleza Sista Nxumalo alichosikia MaMchunu pale aliposema "akonde". Sista aliweka kalamu chini. "Nyumba yetu pia ilizika," akasema. "Nilipaswa kujua." Jioni ya Ijumaa alikuja mtaani akiwa na nguo za kawaida, kilemba kichwani, akakaa jikoni kwa MaMchunu na kukubali chai. Hakutaja kukonda tena.

"Bibi, nilikosea neno. Simtaki Nokwanda akonde. Nataka arefuke. Bado anakua. Tukiuzuia uzito usipande, kimo kitaufikia, basi. Huyu hatapoteza kitu, ataongezeka kwenda juu."

MaMchunu alizungusha kikombe. "Ataongezeka."

"Kwenda juu."

Nokwanda, mlangoni, akasema, "Mimi nataka tu kulala bila kukoroma. Na kufika juu ya kilima kabla ya kengele."

"Watu wazima wanaongea," bibi akasema. Lakini kichwa kilikuwa kimegeuka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, bila sherehe. Soda ilitoka mezani. Maji ya bomba yakaingia, na Nokwanda aliyanung'unikia wiki nzima, akisema yana ladha ya mfereji. Sista alikuwa amesema mtoto asile chakula chake peke yake kama mgonjwa, nyumba nzima ile chakula kimoja, kwa hiyo MaMchunu naye akaacha sukari kwenye chai, akainywa vile vile bila kubadili uso. Sijui kama alitambua tofauti. Nilileta mboga za majani kutoka bustanini kwangu, maharage yakarudi, maziwa mgando na ugali mkavu, vyakula tulivyolelewa navyo kabla ya chipsi kuja kutukalia kichwani. Televisheni ikazimwa mapema, mtoto akalala mapema. Na kila jioni kufuli lilifunguliwa, watatu tukapanda kilima, mimi nikisema, Nokwanda akinijibu, MaMchunu akitembea nyuma mikono imefungwa mgongoni. Mwanzoni tulisimama kila nguzo ya umeme. Vijana wa kona walituimbia. Niliwaambia maneno ambayo hayaandikiki, wakaacha.

Haikuwa kazi iliyonyooka. Kuna siku Nokwanda aliiba maandazi shuleni kwa rafiki yake, akaja kuniambia mwenyewe akiwa bado na sukari kidevuni. Kuna miezi mizani haikusogea na Sista akasema hivyo ndivyo tunavyotaka. Lakini kimo kilikuja, kama alivyoahidi. Miguu ikatoka chini ya sketi. Kukoroma kukapungua, kukaisha, mpaka mimi mwenyewe nikakosa usingizi kwa kimya. Weusi wa shingo ukaanza kufifia pembeni. Sukari ilirudi nyuma hatua, Sista akasema bado tusiamini sana, tuendelee.

Uso nao ukatoka. Mashavu yaliondoka kidogo kidogo, na chini yake kulikuwa na mifupa.

Hapo ndipo MaShezi alipofanya yake. MaShezi ana duka la kona na hana kazi ya kutosha. Jumamosi moja tuliingia kununua chumvi, MaMchunu, mtoto na mimi. MaShezi akamtazama Nokwanda toka juu mpaka chini.

"Hawu, MaMchunu! Mtoto anaumwa? Mbona amepukutika hivi?"

"Haumwi," nikasema mimi. "Anakua. Wewe ndiye unakua kwa pembeni."

"Nauliza tu, jamani. Naye si alikuwa na afya?" Akamgeukia mteja mwingine, mkono chini ya kaunta, na mimi niliuona, na MaMchunu aliuona. Vidole vitatu.

MaMchunu alilipa chumvi. Tulipofika kona ya pili alituacha, akarudi dukani, akatoka na mfuko.

Nilipoenda kwake kabla ya magharibi na mboga zangu, jiko lilikuwa limejaa moshi wa mafuta. Viazi, kuku wa kukaanga, mkate mzima uliokombwa na kujazwa, chupa kubwa ya soda katikati. Nokwanda alikuwa ameketi mbele ya sahani ambayo zamani angeimaliza. Bibi alisimama juu yake na kijiko.

"MaMchunu," nikasema, "Sista alisema..."

"Nyamaza, MaZondi." Sauti yake haikupanda. "Kula, mtoto."

Nokwanda alikula. Alimpenda bibi yake, alikula vipande kadhaa, akanywa maji. Kisha akasogeza sahani.

"Nimeshiba, Gogo," akasema; Gogo ndivyo tunavyomwita bibi.

"Kula."

"Nimeshiba."

Kijiko kilibaki hewani. Niliutazama uso wa MaMchunu na nikatamani niwe kwangu.

"Na mama yako alisema hivyo," akasema. "Nilimpikia kila kitu. Kijiko kimoja, nimeshiba, mama. Zibuyile naye. Nimeshiba, mama. Nyumba hii mtu akisema ameshiba, kesho yake hataki, kesho kutwa hataki, halafu namwosha." Aliyasema yote bila kupandisha wala kushusha, kama anayeeleza njia ya kwenda stesheni. "Wote walikuwa na uso huo. Huo ulionao sasa."

Sikuwahi kumsikia akitaja majina yao tangu makaburini. Ningeweza kueleza habari za sukari na kimo hadi kesho. Kama mkono ule ungerudi kwenye kupakua, kila kitu kingerudi nao, na mtoto angekula kwa huruma mpaka damu yake igeuke sharubati.

Nokwanda aliinuka. Alikuwa sasa anakaribia bega la bibi yake. Alikitoa kile kijiko mkononi mwake, taratibu, akakiweka mezani.

"Gogo, mimi nimeshiba leo tu," akasema. "Kesho nitakuwa na njaa."

MaMchunu alikaa kwenye kiti. Nilifunika chakula, nikamwaga soda uani, nikawaaga. Nililala vibaya. Nilijua kwamba asubuhi uji utapikwa, na kwamba hatima ya mtoto yule ilikuwa ndani ya sufuria hiyo, ama wa zamani wenye siagi na sukari, ama wa sasa.

Asubuhi nilikuwa uani nikianika taulo za wateja wangu. Dirisha la jikoni lao lilikuwa wazi. Nilimwona MaMchunu amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, hakorogi, hapakui, amesimama tu kama alivyosimama miaka yote ile. Anasikiliza. Nadhani alikuwa akisikiliza chumba cha ndani, kama alivyozoea kukisikiliza wakati wa mabinti zake, kujua kama kuna atakayetaka kitu.

Mlango ukagonga ukuta.

"Gogo! Nina njaa! Nina njaa ya kufa, uji uko wapi?"

Mwiko ulianguka. Sauti iliyomtoka MaMchunu sikuitambua, nilidhani amejiunguza. Kisha nikaelewa, nikakaa chini pale pale kwenye majani yenye umande, taulo mapajani. Alimlilia Zibuyile kwanza, kwa jina. Halafu akamlilia Hlengiwe. Madirisha yalifunguka mtaa mzima, watu wakauliza kuna msiba wapi, nikawapungia mkono warudi ndani.

"Gogo," nikamsikia Nokwanda akisema, ameogopa, "kwani nimesema nini? Nimesema tu nina njaa."

"Sema tena," akasema MaMchunu.